Saa ya mrushaji na mkimbiaji wa bure: besiboli imepona au imepunguzwa?

Penseli_ya_Mzee

Wakuu habari zenu. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu msimu wa 2023 na sijapata wa kulizungumza naye kwa Kiswahili, maana ndugu zangu wengi hapa Marekani ukiwatajia besiboli wanabadilisha mada. Najua humu mpo mnaoufuatilia mchezo huu kwa dhati, kwa hiyo nautua mzigo kwenu.

Nieleze kwanza nilivyoingia, maana swali limetokea huko. Nilipofika Chicago nilipata kazi ya kumtunza mzee mmoja nyumbani kwake, upande wa kaskazini wa jiji. Miguu ilikuwa imemkatalia lakini kichwa kilikuwa kizima kabisa. Kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa kwa wakati, halafu kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa tunakaa redioni kusikiliza Cubs, timu ya upande huo wa jiji. Mimi nimekulia kandanda. Wiki za mwanzo nilikuwa nasikia kelele tu, sielewi nani kafanya nini. Mzee alipochoka na maswali yangu akanipa kadi ya kuandikia mchezo na penseli iliyochongwa kwa kisu.

Ile kadi ndiyo iliyonifungua macho. Kila mlinzi ana namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji 2, wa besi ya kwanza 3, wa besi ya pili 4, wa besi ya tatu 5, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6, na wale wa nyuma kabisa 7, 8 na 9. Ukiandika 6-4-3, umesema yote: wa 6 kaokota mpira unaobiringika, kampa wa 4 kwenye besi ya pili, naye kamrushia wa 3, watu wawili wako nje kwa mpigo mmoja. Kila mpigaji ana kisanduku chake chenye umbo la almasi, na kila besi anayofika unachora mstari mmoja. Akirudi nyumbani, yaani pale alipoanzia kupiga, almasi imekamilika na unaipaka rangi ya penseli.

Sasa kati ya rusho moja na jingine palikuwa na nafasi. Mrushaji anazunguka kilima chake cha kurushia, anafuta jasho, anakataa ishara ya mdakaji mara mbili. Hapo ndipo mzee alipokuwa ananisimulia. Alinisimulia usiku wa tarehe 8 Agosti 1988, siku Wrigley Field, uwanja wa Cubs, ilipowasha taa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo Cubs wakiwa nyumbani walicheza mchana tu. Yeye alikuwa amekasirika kweli, na mvua ilipokuja kuuvunja mchezo ule kwenye iningi ya nne (iningi ni duru ambayo kila timu inapata zamu ya kupiga) aliiona kuwa jibu kutoka juu. Kesho yake wakacheza mchezo kamili usiku, na miaka ikapita, na yeye mwenyewe akawa anasikiliza michezo ya usiku kuliko ya mchana. Hilo alilisema bila aibu.

Mzee alifariki majira ya baridi, kabla ya msimu wa 2023 kuanza. Msimu huo ndio saa ya mrushaji ilipoingia: sekunde 15 kama besi ni tupu, 20 kama kuna mkimbiaji, na mwaka uliofuata zile 20 zikashushwa hadi 18. Mpigaji naye awe tayari zikiwa zimebaki 8. Mrushaji akichelewa anahesabiwa boli, yaani rusho lililokosea (zikifika nne mpigaji anapewa besi), mpigaji akichelewa anahesabiwa straiki (zikifika tatu anatolewa).

Kiangazi hicho nikampeleka binti yangu Wrigley. Nikanunua kadi, nikachonga penseli. Wakuu, nilishindwa kuandika. Nikiinama kuweka alama, nikiinua kichwa rusho jingine limeshapita. Nikitaka kumweleza mtoto kwa nini yule wa 6 amesogea hatua mbili kushoto, tayari mpira uko hewani. Hatukuzungumza kama mimi na mzee tulivyozungumza. Lakini pia mtoto hakuniuliza hata mara moja tunaondoka saa ngapi, na tulifika nyumbani mapema.

Ndiyo swali langu. Haya mabadiliko yote, saa, besi kubwa, kuzuia walinzi kujazana upande mmoja, mkimbiaji wa bure anayewekwa besi ya pili kuanzia iningi ya kumi, na sasa mitambo ya kuhakiki straiki, yametuachia mchezo uleule? Au tumepewa mwingine wenye jina lilelile? Nawauliza ninyi mnaoupenda, sitaki jibu la mtu anayetaka uishe haraka akalale.

---

Dereva_wa_Alfajiri

Kaka pole sana na msiba wa mzee wako. Umeandika hadi nimeiona ile penseli.

Ila hapo mwisho umenigusa, kwa sababu mimi ndiye mtu anayetaka akalale, na naupenda mchezo huu pengine sawa na wewe. Naendesha basi hapa Boston, gari yangu inatoka saa kumi na moja alfajiri. Miaka ya nyuma Red Sox wakikutana na Yankees mchezo ulikuwa unachukua muda wa karibu saa nne. Watoto wangu hawajawahi kuona iningi ya tisa ya mchezo wa usiku hadi 2023. Nilikuwa nawabeba begani kwenye iningi ya saba, mmoja huku mmoja kule, na huko nyuma nasikia uwanja mzima wa Fenway unalipuka kwa jambo ambalo sitaliona.

Na muda uliokuwa unaliwa haukuwa wa mchezo. Mimi nilimpenda Nomar Garciaparra, mpigaji wetu wa zamani, kama ndugu, lakini kila rusho alikuwa anatoka kwenye boksi, anakaza glovu za mikono yote miwili, anagonga vidole vya miguu chini, anarudi. Yeye alikuwa peke yake kwa hilo, tukamzoea, watoto wakamuiga. Baadaye kila mpigaji akawa na ibada yake. Mchezo wa iningi tisa mwaka 2021 ulikuwa na wastani wa saa 3 na dakika 10. Mwaka 2023 ukashuka hadi saa 2 na dakika 40. Iningi ni zilezile tisa, auti ni zilezile 27 kwa kila timu. Niambie ni auti gani tumepoteza.

Tena kanuni haikuwa ngeni. Kitabu cha sheria kilikuwa tayari kinasema besi zikiwa tupu mrushaji arushe ndani ya sekunde 12. Ilikuwa imeandikwa, hakuna aliyeisimamia. Walichofanya ni kutundika saa ukutani kila mtu aione.

Siku ya kwanza iliniuma, sikatai. Tarehe 30 Machi 2023, hapa kwetu Fenway, Rafael Devers akawa mpigaji wa kwanza wa msimu kutolewa kwa straiki ya saa. Amesimama pale hajatupiwa kitu, mwamuzi ananyoosha mkono. Na siku hiyohiyo Orioles wa Baltimore wakatuibia besi 5, yaani wakimbiaji wao walikimbilia besi ya mbele bila mpira kupigwa. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Lakini nikamkuta mwanangu mdogo wa kiume anacheza kuiba besi sebuleni, mto wa kochi ndio besi ya pili. Mwaka 2022 ligi nzima ziliibwa besi 2,486. Mwaka 2023 zikafika 3,503. Hiyo ndiyo besiboli ambayo wazee wanasimulia walivyoiona kwa Jackie Robinson, ya mtu kuondoka besini roho mkononi. Kanuni mpya imeirudisha, haikuizika.

---

Mwalimu_Mstaafu

Ndugu zangu, nimewasoma wote wawili, na kila mmoja ameshika kipande cha kweli.

Penseli, neno mila lina hatari yake. Mila tunayoilinda mara nyingi ni ile tuliyoikuta tulipoingia mlangoni. Umbali wa mrushaji hadi nyumbani, futi 60 na inchi 6, tunauona kama umeshuka na mchezo wenyewe, kumbe uliwekwa 1893. Kuna wakati mpigaji alihitaji boli 9 ndipo apewe besi ya kwanza. Ikapunguzwa kidogo kidogo, na 4 tunazozijua zikafika 1889. Hao wote waliozoea boli 9 walikuwa na wazee wao pia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1968. Mwaka ule warushaji waliwazidi wapigaji hadi mchezo ukainama upande mmoja. Bob Gibson wa St. Louis alimaliza msimu na wastani wa 1.12, maana yake kwa kila iningi tisa alizorusha aliruhusu pointi moja na kidogo. Carl Yastrzemski akawa bingwa wa kupiga wa ligi ya American kwa wastani wa .301, yaani kufanikiwa kupiga mara tatu hivi kati ya kumi, kiwango ambacho miaka mingine kisingemfikisha hata karibu. Ligi ikafanya nini? Mwaka 1969 ikashusha kilima kutoka inchi 15 hadi 10 na kubana eneo la straiki. Gibson hakuwa na kosa lolote, alikuwa mzuri kupita kiasi cha kanuni. Leo hakuna anayesema kilima cha inchi 10 kimeua mila.

Kwa hiyo saa siigombi hata kidogo. Dereva, ninachokukatalia ni kuhusu kuchukulia mabadiliko yote kuwa fungu moja. Hili la walinzi mimi silikubali. Mwaka 1946 Lou Boudreau, meneja wa Cleveland, aliwahamishia walinzi wake karibu wote upande wa kulia kumkabili Ted Williams, mpigaji wa Boston, na lile lilikuwa fumbo: mimi nimekujua unakopiga, wewe nionyeshe unaweza kupiga kwingine. Sasa sheria inasema walinzi wanne wa karibu na besi wakae wawili kila upande wa besi ya pili, na wote wanne miguu yao iwe ndani ya eneo lao. Wanasema ni ili mipira mingi zaidi izae besi. Wastani wa kupiga wa ligi ulipanda kutoka .243 hadi .248. Kwa tofauti hiyo ndogo tumemwondolea meneja haki ya kufikiri na tumemwondolea mpigaji sababu ya kujifunza.

Kipimo changu ni hiki: kanuni inayowalazimisha watu waucheze mchezo, naipokea. Kanuni inayowafanyia kazi ambayo walipaswa kuifanya wenyewe, nina mashaka nayo. Mkimbiaji wa bure yuko kundi la pili, na hapo Penseli niko nawe moja kwa moja.

---

Glovu_ya_Mdakaji

Shikamoo Mwalimu. Kaka Penseli na kaka Dereva, salamu.

Mimi nawafundisha wasichana wadogo softiboli, nafasi ya mdakaji, na mwenyewe nimedaka miaka mingi hadi magoti yakakataa. Niongezee kuhusu mitambo, maana Penseli ameitaja kwa kupita.

Kuanzia 2026 kila timu inaanza mchezo na pingamizi mbili. Anayepinga ni mpigaji, mrushaji au mdakaji, basi. Meneja haruhusiwi na benchi halitakiwi kumsaidia. Unagonga kofia yako papo hapo, kamera zinaonyesha mpira ulipita wapi, uwanja mzima unatazama ubao. Ukiwa sahihi pingamizi lako linabaki, ukikosea linakwenda. Eneo la straiki linapimwa kwa urefu wa mpigaji mwenyewe, juu ni asilimia 53.5 ya kimo chake na chini ni asilimia 27.

Niliposikia mara ya kwanza nilihuzunika, kwa sababu ya kitu ambacho mtazamaji wa kawaida hakioni. Mdakaji mzuri haupokei mpira tu. Mpira unaokuja chini kidogo ya goti unaupokea glovu ikiwa tayari inapanda, kiganja kimelegea, kiwiko kimetulia, ili mwamuzi aliye nyuma yako aone glovu imeishia ndani. Ukiufuata mpira kwa kushtuka, glovu inazama nao na umeipoteza straiki. Nilifanya zoezi hilo na mpira wa tenisi ukutani jioni nyingi sana. Hiyo ni kazi ya mikono, kama ususi. Mtambo ungeamua kila rusho, kama wanavyofanya Korea Kusini tangu 2024, ususi huo wote unakufa.

Huu mpango wa pingamizi umeuacha hai. Marusho mengi bado ni ya mwamuzi na ya glovu. Tena umempa mdakaji kazi mpya, kujua lini agonge kofia na lini anyamaze kwa ajili ya iningi ya nane. Mabinti zangu wameshaanza kubishana wao kwa wao: hii ungeipinga? Mimi nilifundishwa kutogeuka kumtazama mwamuzi, wao wanajifunza kuujua ukweli wa eneo lao wenyewe. Sikutarajia nitalipenda hilo, lakini nimelipenda.

Kuhusu saa, hofu yangu ni mikono ya warushaji. Zile sekunde 20 ziliposhushwa hadi 18, chama cha wachezaji kilipiga kelele kwamba muda wa mwili kupumua unapungua. Ligi ikakataa, na ripoti yake ya Desemba 2024 ikaelekeza kidole kwenye kasi ya marusho na tabia ya kurusha kwa nguvu zote kila mara. Mimi naona vyote viwili vinamkuta kijana yuleyule mwenye kiwiko kimoja. Wasiipunguze tena hata sekunde moja.

---

Penseli_ya_Mzee

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Dereva, nisamehe kwa lile neno la kulala, umenionyesha watoto waliobebwa begani na sikuwa nimewafikiria.

Nimekaa na maneno yenu na nimeona kitu ambacho nilikuwa sijakitenganisha. Saa naweza kuizoea, kama mzee alivyozizoea taa. Kinachoniuma hasa ni mkimbiaji wa bure, na niwaambie nilivyokutana naye.

Ilikuwa 2020, viwanja vitupu kwa sababu ya korona. Mimi na mzee tulikuwa tunatazama kwenye televisheni mwaka huo, macho yake yalikuwa bado yanaona. Iningi ya kumi inaanza, mtu amesimama besi ya pili. Mzee akaweka penseli chini akaniuliza, "Huyu amefikaje pale?" Nikamweleza kanuni mpya. Akaitazama kadi yake muda mrefu. Akasema hana alama ya kuandika.

Na ni kweli hana. Kila mstari kwenye ile almasi una sababu: alipiga, alipewa boli nne, aligongwa na mpira, mlinzi alikosea, aliiba. Huyu hana lolote kati ya hayo. Akirudi nyumbani, pointi inahesabiwa kwa timu, lakini kwa mrushaji haihesabiwi kuwa yake, kana kwamba mlinzi alikosea, na wakati huohuo hakuna mlinzi aliyeandikiwa kosa. Pointi imetokea na haina mwenyewe. Tangu 2023 wameifanya kanuni ya kudumu kwa michezo ya kawaida.

Nikumbushe na usiku wa tarehe 26 Oktoba 2018, mchezo wa tatu wa fainali, Red Sox na Dodgers kule Los Angeles. Iningi 18, saa 7 na dakika 20. Hapa Chicago ulikwisha saa nane na nusu usiku. Mzee alikataa kulala. Mrushaji Nathan Eovaldi aliingia kuokoa Boston akarusha mara 97, na wengine karibu wote wameisha, hadi Max Muncy wa Dodgers alipoupiga mpira ukavuka uzio, Dodgers wakashinda 3 kwa 2. Kadi ilijaa, tukaendelea kuandika nyuma ya bahasha ya dawa. Bahasha ile ninayo. Kwa mkimbiaji wa bure usiku kama ule ungekwisha iningi ya kumi au ya kumi na moja, na Eovaldi asingekuwa na hadithi.

---

Dereva_wa_Alfajiri

Kaka, usiku ule mimi nilikuwa macho pia, hapa ilikuwa saa tisa na nusu. Nililia kwa ajili ya Eovaldi, na saa moja na nusu baadaye nilikuwa kwenye usukani.

Ila kumbuka kanuni hiyo haitumiki kwenye mtoano. Fainali ya 2025 mchezo wa tatu ulikwenda tena iningi 18, Dodgers na Blue Jays, hadi Freddie Freeman alipoumaliza. Kwa hiyo usiku kama ule upo bado.

---

Mwalimu_Mstaafu

Dereva, hapo umemsaidia Penseli bila kutaka. Ligi ikiwa inaiondoa kanuni hiyo pale mchezo unapokuwa na uzito zaidi, imeshatoa hukumu yake juu ya kanuni hiyo. Sababu ya kuiweka ni warushaji wasiishe katika msimu wa michezo 162, na naielewa. Lakini wangeweza kusubiri hadi iningi ya kumi na mbili ndipo wamweke huyo mtu. Timu zipewe iningi mbili za kumalizana kwa mikono yao.

---

Glovu_ya_Mdakaji

Kaka Penseli, kuhusu alama. Mimi kwenye daftari langu la timu nachora nukta nukta badala ya mstari, kutoka nyumbani hadi besi ya pili. Kuanzia hapo akisogea kwa haki yake naendelea na mstari wa kawaida. Ukifungua ukurasa miaka ijayo utajua mara moja wapi alipewa na wapi alikwenda mwenyewe.

---

Penseli_ya_Mzee

Nukta nukta. Dada nimeipokea, mzee angeikubali.

Naleta mrejesho. Jumamosi nilikaa na binti yangu redioni, Cubs wanacheza. Nikaanza kuandika mimi, nikachelewa kama kawaida, nikawa nimekasirika kimyakimya. Iningi ya tatu akaniambia, "Baba, leta hiyo penseli. Wewe niambie, mimi niandike." Vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Nikabaki na kazi moja tu ya kuongea, na zile sekunde 15 zikanitosha kumweleza kwa nini mdakaji ametaka rusho la chini na kwa nini wa 6 amesogea. Sikuweza kumaliza hadithi ndefu, zile nilikuwa nazihifadhi hadi timu zibadilishane. Ya taa za 1988 niliisimulia kwa vipande, kuanzia iningi ya nne hadi ya saba, na kila timu zilipobadilishana aliniuliza ilifika wapi.

Kwenye iningi ya nane ncha ya penseli ikakatika na nilipokwenda jikoni kutafuta kisu tukakosa wapigaji wawili. Visanduku vyao viko vitupu.

---

Glovu_ya_Mdakaji

Penseli tatu, kaka, zote zimechongwa kabla ya rusho la kwanza. Na hao wawili tafuta rekodi ya mchezo, umwambie ajaze kwa rangi nyingine.